Misa Ndefu na Saa ya Kukamua

Nilitoka nyumbani Ruiri asubuhi moja bila mpango. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na tangu hapo hakuna kazi iliyonishika: nilikuwa nimechunga mbuzi wa watu, nimepakia viazi, nimekoroga simiti. Siku hiyo nilifuata barabara hadi Kiirua. Nikipita kando ya kanisa nikasikia watu wakiimba kwa sauti nne, nikasimama dirishani. Sikujua kwamba jambo kama hilo hutengenezwa na mtu. Nilidhani linaota lenyewe, kama nyasi.

Mwalimu wa kwaya, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata kukiwa na jua, aliwanyamazisha.

"Wewe wa dirishani, unaimba sauti gani?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi ni besi. Wa sauti ya kwanza wote wanajijua." Wanawake wakacheka. "Ingia. Unatuzibia mwanga."

Ndivyo nilivyoanza kazi. Alinifundisha solfa, yaani kuandika muziki kwa herufi: d ya do, r ya re, nukta mbili kutenga mapigo, kistari pale sauti inapoendelea. Kinanda hatukuwa nacho, na kwaya isiyo na kinanda huteleza chini pole pole, sauti zikishuka bila mtu kujua, hasa kwa baridi ya Kiirua. Kwa hiyo alianzisha kila wimbo juu kidogo, ili ukifika mwisho besi wawe bado na mahali pa kusimama. "Usiandikie sauti," aliniambia. "Andikia watu."

Mwalimu alipostaafu, Padre wa parokia alinipa ubao wake wa solfa. Mchana nilitunza bustani ya parokia, jioni nilitunga. Nilitaka kitu kimoja: Misa nzima, nyimbo zake zote kuanzia Bwana Utuhurumie hadi Mwanakondoo, iwe muziki mmoja. Tuni ndogo ya mwanzo ilizunguka kote na kurudi mwishoni ikiwa imekomaa. Misa yote ingechukua karibu saa nzima kuimbwa, na sikuona la kupunguza.

Tuliijaribu siku ya kubariki kanisa jipya. Hotuba za wageni zilikuwa zimekula mchana. Tulikuwa katikati ya Nasadiki ng'ombe wa kwanza alipolia ng'ambo ya barabara akitaka kukamuliwa, na huko kila mama anaijua sauti ya ng'ombe wake. Mmoja wa sauti ya pili akachomoka. Mwingine akafuata, akiinama kwa heshima. Tulipofika Mwanakondoo walibaki besi, na mzee mmoja wa sauti ya tatu aliyekuwa ameuza ng'ombe wake.

"Mwalimu," Padre aliniambia baadaye, "Mungu ana subira. Ng'ombe hana. Chukua ule Utukufu, uimbwe peke yake. Ni mzuri."

Sikuwakasirikia wale akina mama. Maziwa hayo ndiyo yalisomesha watoto waliokuja kuniimbia. Lakini kila nilipohamia, Misa ilikatwa. Huko Ruiri, katibu wa parokia alichukua Utukufu kwa ajili ya harusi. Katika shule moja ya sekondari, Mwalimu Mkuu alichukua Mtakatifu kwa mashindano. "Ufupishe," alisema, "jaji hupiga kengele." Vipande vyangu vimetembea kuliko mimi. Misa yenyewe ilibaki ndani ya begi.

Vijana huniuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kutunga. Nimeishi. Nimelala katika nyumba za watu wengi, na wengi wao nawafahamu kwa sauti zao kuliko kwa majina. Ila kazi ambayo hujaisikia mpaka mwisho haikuachi upumzike.

Majuzi, nikiwa sina tena kwaya wala bustani, nilitoka asubuhi bila mpango. Jua likipinda nilikuwa Embu, mtaa wa Majimbo, nikiulizia chumba. Mama Wawira, mwenye nyumba, alinifungulia kimoja cha nyuma. Begi lilipofunguka aliona karatasi.

"Hii si solfa? Mimi ni wa sauti ya pili. Ni ya nani?"

"Ni yangu."

Alizipima kwa mkono. "Mzee, hii ni ndefu."

"Karibu saa nzima. Watu hutoka kabla ya mwisho."

"Waende wapi?"

"Kukamua."

Alicheka mpaka akashika mlango, kisha akanionyesha nje: kuta, kamba za nguo, matangi ya maji. "Unaona ng'ombe hapa? Kwaya yetu ni watu wa ofisi na wa duka. Jumapili mchana tunakaa tu. Njoo mazoezini Jumamosi na hizo karatasi. Na utasimama na besi, wetu wanahitaji kusukumwa."

Aliniachia ufunguo. Nilitandika kitanda, nikaketi, nikautafuta ukurasa wa Mwanakondoo, ambao sijawahi kuusikia ukiwa na wanawake ndani yake. Kisha, kwa kuwa Embu kuna joto na sauti hazitateleza kama Kiirua, nikaushusha mwanzo kidogo.