Mpishi wa Tamthilia Aliyengoja Herufi za Kijani

Saa tano na nusu asubuhi, ndani ya studio moja mjini Paju, Korea Kusini, kijana aliyevaa kofia ya sweta anapiga vitufe vya kompyuta kama mtu anayewashwa vidole. Herufi za kijani zinamiminika kwenye skrini. Fuvu jekundu linatokeza, king'ora kinalia. "Nimeingia!" anapiga kelele.

Nje, kwenye gari la chakula, Tak Yeon-suk anashtuka hadi upawa unagonga sufuria.

"Wakirudia mara tisa, moyo wangu unaruka mara tisa," anasema akijifuta jasho kwa mkono wa blauzi. "Najua ni uongo. Lakini uongo huo ndio ulioniangusha."

Yeon-suk, mjane mwenye umri wa miaka 58, huwapikia wafanyakazi wa tamthilia za televisheni: wali, supu ya soya, kabichi ya kuchachusha iitwayo kimchi, samaki wa kukaanga. Hulipwa won elfu nane kwa sahani. Kwa miaka sita, kilichobaki kila mwezi alimtumia mwanawe wa pekee, Maeng Se-rin, mwalimu wa chekechea mjini Daegu, akiweke benki kwa ajili ya dhamana ya kupangia nyumba. Zilifika won milioni thelathini. Zote zilikuwa kwenye akaunti inayofunguliwa kwa simu ya Se-rin.

Na kwa miaka kumi na mmoja, mama huyu ametazama wizi wa kompyuta ukiigizwa mbele ya macho yake. Alijua unavyokuja: kwa taa, kwa kelele, kwa herufi za kijani.

"Nilisema, mwizi huyo akija kwangu nitamwona. Si nimemwona mara mia?"

Mwezi Machi ukamfikia ujumbe kwenye simu. Baba mzazi wa Ku Dong-pil amefariki, bonyeza hapa kuona ukumbi wa msiba. Dong-pil ni fundi wa taa, amekula kwenye gari hilo miaka minne, na hajawahi kuridhika na sahani moja ya wali.

Huko msiba hufanyika ukumbini, tena siku tatu tu. Asiyefika wala kutuma rambirambi, jina lake linabaki midomoni mwa watu. Na nani atampigia mfiwa amuulize kama kweli baba yake amekufa? Hilo ni tusi.

Akabonyeza. Simu ikaomba ruhusa, akakubali. Ikaomba tena, akakubali tena. Skrini ikawa nyeupe, kisha ikarudi kama kawaida.

"Nikangoja," anasema. "Fuvu, hakuna. King'ora, hakuna. Nikasema mtandao mbovu, nikarudi kukata figili zangu."

Kesho yake mchana Dong-pil akaja na sahani yake. Yeon-suk akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwanangu."

"Pole ya nini, Mama mdogo?" akauliza, kwa jina wanalomwita wote studioni.

"Ya baba."

"Baba gani? Nimeongea naye asubuhi hii, anapalilia vitunguu saumu na kunitukana kwa nini sijaoa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Mama mdogo kamzika mzee wa watu na jembe mkononi!"

Mmoja hakucheka. Pyo Gi-tae ndiye anayetengeneza picha zote zinazoonekana kwenye skrini za kompyuta za tamthilia.

"Ulibonyeza?" akauliza.

"Nilibonyeza, lakini hakikutokea kitu. Hata herufi hazikushuka."

"Mama mdogo, zile herufi nazichora mimi! Ni video. Yule kijana hata akibonyeza kwa kiwiko zitashuka vilevile. Mwizi wa kweli hawashi taa. Simu inanyamaza, basi. Nani atatazama tamthilia ya simu iliyonyamaza?"

Yeon-suk akapiga simu polisi pale pale. Ikapokewa mara moja, na mwanamume mwenye sauti ya upole.

"Tatizo lako tumeshaliona, mama. Usikate simu. Usimwambie mtu yeyote. Una watoto?"

Gi-tae, aliyekuwa amesimama karibu, akapiga namba ileile kwa simu yake mwenyewe. Akapokea mwanamke. Akasema hawajapigiwa na Tak Yeon-suk yeyote.

"Fikiria," anasimulia Yeon-suk. "Nilimkimbilia polisi, kumbe naongea na mwizi mwenyewe. Alikuwa humo humo ndani ya simu yangu, akinipokelea."

Gi-tae akamnyang'anya simu, akaizima. "Anaweza kumwandikia nani kwa jina lako?"

Yeon-suk akataja jina moja tu, Se-rin. Walipomuuliza namba, akanyoosha mkono aichukue simu iliyozimwa. Namba ya mtoto aliyemzaa ilikuwa ndani ya simu ile ile.

Dong-pil akatafuta namba ya chekechea, akapiga. Mwalimu mkuu akaenda kumwita. Dakika nne. Yeon-suk alisikia watoto wakiimba upande wa pili.

"Mama!" Se-rin alikuwa analia. "Nakupigia hupatikani! Bibi amefariki saa ngapi? Ujumbe wako nimeupata, nimebonyeza lakini ukumbi hauonekani..."

Bibi alikuwa kwake Gangneung, mzima, anaanika ngisi.

Benki ilipofunga akaunti, miaka sita ya sahani ilikuwa imeshaondoka. Polisi waliandika maelezo, wakasema watapiga. Mpaka leo Yeon-suk anaogopa hata wakipiga.

"Se-rin angenitukana ningepata usingizi. Alisema tu, 'Si wewe, Mama.' Ndiyo inayonichoma."

Mwenye mama, mwenye mtoto, asingoje ishara. Kwenye simu mwizi haji kwa kishindo. Anabisha hodi kwa sauti ya unayempenda, na mlango unamfungulia wewe.

Yeon-suk ameanza tena. Safari hii akiba iko kwenye kitabu cha benki cha karatasi, na ana matumaini kwamba baada ya miaka minne Se-rin atakuwa na mlango wake mwenyewe. Tena wawili hao wamekubaliana swali moja la kutambuana, ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote. Swali lenyewe ameomba lisitajwe hapa.

Simu inalia. Sauti ni ya Se-rin, au inafanana nayo. Yeon-suk hasalimu. Anauliza swali.

"Jamani Mama, ni mimi! Watoto wananingoja!"

"Kama ni wewe, jibu."

Ameishika simu kwa mikono miwili, samaki wanaungua nyuma yake, hageuki. Kisha jibu linakuja, chini kwa chini, kwa kicheko kidogo.

Hapo ndipo anapovuta pumzi na kumwita mwanangu.