Matone Kumi na Manne ya Maji ya Ruiru

Nilipohama Makongeni, Thika, kwenda Ruiru nilibeba tangi la samaki na mashina kumi na moja ya mmea mwekundu, yote watoto wa shina moja. Mwezi wa tatu lilibaki moja. Nilihesabu mara mbili, halikuongezeka. Majani yake machanga yalitoka ya manjano. Hilo likifa, mbegu imeisha, kwani mama aliyeniuzia kule Thika hakuwa nao tena.

Maji sikuyashuku. Nyumba mpya hutumia ya kisima, na siku ya kwanza niliyapima kwa sabuni kama kila mtu. Povu likafika kwenye kiwiko. Maji magumu hukataa povu. Haya yalikuwa laini kuliko ya bomba la Thika. Basi nikabeba shina kwenye kopo la maji ya tangi, nikaenda Thika kugombana na yule mama.

"Uliniuzia mmea mgonjwa, kati ya mashina kumi na moja limebaki hili," nilianza juu, ndiyo nipate nafasi ya kushuka.

"Miaka miwili iliyopita? Ngai! Na huo ugonjwa ukazaa kumi na moja?"

Hapo nilishuka haraka kuliko nilivyopanga. Akachota maji ya kopo kwenye vichupa viwili, akatoa dawa za kupimia.

"Hesabu mwenyewe, kastoma, usiseme nimekuibia."

Kichupa cha kwanza kiligeuka rangi kwa tone la tatu.

"Si unaona? Laini!"

"Huo ni ugumu, chokaa na magnesia. Sabuni yako inajua hapo tu. Sasa tuone ualkali."

Nne. Saba. Kumi. Nimeshusha bei nyingi maishani, lakini hayo matone hayakuwa na maongezi. Rangi iligeuka kwa la kumi na nne. Nikasema turudie. Kumi na nne.

"Huo ndio ualkali, maji yako yana kitu cha ukoo wa magadi," alisema. "Sabuni inayapenda. Mmea haupendi. Chuma kimo humo, lakini hauwezi kukichukua, ndiyo majani machanga yanageuka manjano. Changanya na ya mvua, nusu kwa nusu, polepole, samaki wasishtuke. Halafu tia jasi kidogo, kwa kuwa maji ya mvua hayana chokaa, nayo jasi huileta bila ualkali. Na usiniletee ujanja wa kutia chokaa yenyewe, ualkali utarudi."

"Na likifa?"

"Basi utakuja kugombana tena, si unajua njia."

Niliweka ndoo chini ya mfereji wa paa, na kwa wiki mbili nikabadilisha maji kidogo kidogo. Kipimo kikashuka hadi saba, nilipopima mara mbili kwa dawa niliyonunua kwake. Wiki ya nne likatoka jani la kijani lenye wekundu ukingoni, kisha mengine. Nikahesabu matatu. Nikarudia, yakawa manne, moja lilikuwa limejikunja.

"Unachekea maji?" mke wangu aliuliza.

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikakata ncha, nikaipanda kando ya mama yake, kisha nikakaa chini. Baada ya siku tisa ncha ilikuwa na mizizi.