Kompyuta Tuliyoidhania Chaja

Wafadhili waliileta shuleni ndani ya katoni nzuri kuliko sanduku la mahari la dada yangu. Tulipoifungua tukakuta kitu cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye meno mawili ya kuchomeka ukutani. Wakasema hiyo ni kompyuta nzima. Haina kioo, haina vibonye. Inatoa réseau, mtandao wake yenyewe, mwanafunzi anafungua simu na kusoma masomo yote bila intaneti. Sisi watu wa shule ya jioni, mama wauza samaki, waendesha toleka, zile baiskeli za abiria, walinzi, na mimi fundi redio niliyehitimu hapo hapo nikabaki kusaidia, tulipiga makofi hadi mabati yakataka kuruka ng'ambo ya mto, Lubunga.

Lakini darasa letu lina prise moja tu ya umeme, na Kisangani courant ikirudi hakuna anayengoja. Hata hivyo tuna adabu. Ukikuta chaja ya mwenzako ukutani, unaichomoa taratibu, unaiinua juu, unauliza mwenyewe ni nani, kisha unaiweka mezani na kuchomeka yako.

"Chargeur hii iko ya nani?" mama mmoja akauliza, kompyuta mkononi, maana ukutani ilifanana na chaja yoyote.

Kila mtu akaangalia chaja yake mwenyewe.

"Bon, mwenyewe hayuko." Akailaza mezani kama mtoto mchanga.

Ndani ya mwezi mmoja ililazwa hivyo mara milioni mbili, na sipunguzi hata moja. Mfumo wake wa uendeshaji, Linux ya kiwandani, ulikuwa ukiandika mambo yake kwenye kumbukumbu ya ndani kila dakika. Ukiukata katikati ya kuandika, unaharibika. Siku moja taa yake ikawaka, masomo hayakuja. Zilibaki wiki sita kabla ya mtihani wa serikali, na vitabu vya karatasi tulikuwa navyo vinne, kimoja mchwa wamekisoma hadi sura ya tatu.

Préfet, mkuu wetu wa shule, alimwita ingénieur mmoja, mhandisi wa mjini. Akaigeuza-geuza, akacheka.

"Batu yenu banaichomoa sana. Hii si mashini ya huku. Muirudishe."

"Mi nitaiweka Linux ingine," nikasema.

"Weye? Na diplôme ya jioni? Papa, hii iko ARM, haiko ordinateur ya kila mutu. Utaiua."

"Tayari imekufa, ingénieur. Nitaiua mara ngapi?"

Préfet alikuna kidevu. Gari la wafadhili lilikuwa lije Jumamosi kuichukua. "Donc uko na siku tatu," akaniambia. "Ukishindwa, inaenda, na batu ya mtihani banabaki na vitabu vine."

Diplôme yangu kuchekwa nimezoea; imechekwa na watu wakubwa zaidi ya ingénieur. Kilichonichoma ni lile neno, si mashini ya huku. Huku ni wapi? Huku ndiko iliko prise, ndiko waliko wanafunzi. Kwa nini watu sitini wabadilike ili kipande cha sabuni kisisumbuke? Nikaapa: kitakachojifunza kuishi Kisangani ni chenyewe.

Siku ya kwanza niliaibika. Nilitia kwenye kadi ya kumbukumbu Linux niliyokuwa nayo, ya kompyuta za mezani, nikaichomeka ubavuni mwa kifaa. Ikaninyamazia kama mama mkwe. Hapo nikakubali, kwa uchungu, kwamba ingénieur alisema kweli moja: ARM ni ukoo wa chipu za simu, inataka Linux iliyotengenezwa kwa ajili yake. Nikaenda mjini kuipakua. Ilishuka polepole hivi kwamba ningeweza kulima muhogo, kuuvuna na kula fufu yake.

Siku ya pili nikaitia kwenye kadi, kisha nikaiunganisha ile sabuni kwa waya na ordinateur ya préfet, kompyuta yake ya ofisini, ili nione inachosema. Ndani ya kifaa kuna programu ndogo inayoamka kabla ya yote na kuamua mfumo utafutwe wapi. Ili uiamuru lazima ubonyeze kitufe cha ordinateur ndani ya sekunde tatu. Nilikosa mara mia tisa. Nilipoipata, jasho likanitoka la kweli, kwa sababu ukiifuta programu hiyo kwa bahati mbaya, kifaa kinakuwa jiwe, hakuna wa kukiamsha. Kila mstari niliandika kwanza kwenye karatasi, nikasoma herufi moja moja, ndipo nikabonyeza. Nikaiamuru: usitafute tena ndani, tafuta kwenye kadi.

Ikaamka. Masomo nikayakuta mazima kwenye kumbukumbu ya zamani, nikayahamishia kwenye kadi. Kisha nikafanya lile ambalo kiwanda hakikulifikiria: niliifunga kadi, isomwe tu, isiandikwe. Vijimambo vyake vya kila dakika inaviandika hewani, kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika vinapotea na hakuna anayevililia.

Nikamwita préfet. "Chomoa, Monsieur le Préfet."

"Na nguvu?"

"Na hasira."

Akachomoa mara kumi na moja. Mara kumi na moja ikarudi, na masomo yake yote. Mara ya kumi na mbili nikamnyang'anya. Alikuwa ameanza kuona raha.

Jumamosi mjumbe wa wafadhili alifika na fomu. Akasema mfumo ule si wao, hawawezi kuuhudumia, kifaa kirudi. Préfet akanitazama.

"Huduma gani?" nikamuuliza mjumbe. "Mashini yenu ilitaka tusichomoe. Sasa tunachomoa na inafanya kazi. Mutuhudumie nini tena?"

"Lakini fomu inadai niandike sababu ya kifaa kutorudi."

"Andika kwamba hatuitoi."

Akashika kalamu, akaiacha. Préfet akaivuta ile karatasi, akaandika mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha ofisini: kifaa kimetengenezwa na mhitimu wa shule hii, kinabaki shuleni. Akagonga muhuri mara mbili, pale palipotakiwa na pale pasipotakiwa.

Nikasimama mlangoni nikingoja kusifiwa. Darasani vichwa vyote vilikuwa kwenye simu, kwenye fizikia.

"Papa," mama mmoja akasema bila kuinua macho, "ondoka pale. Unaziba réseau."