Muuza Bunduki na Magazini Zake za Kiwandani

Muuza bunduki wa mjini kwetu, hapa Wyoming, hushika magazini, kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki, iliyotoka kiwanda kimoja na bunduki yenyewe, kama anayepakata kichanga cha askofu. Huigonga kwa kucha, huitegea sikio, hufumba macho. "Sikia chuma hicho! Tumbo moja na bunduki yako." Ile ya plastiki, ya kampuni nyingine na ya nusu bei, huisukuma mezani kwa kalamu, asije akaambukizwa. Vidole vyake vimekolea mafuta ya bunduki, na masharubu humtikisika kila atamkapo "feki."

Jumamosi aliingia Verna, mfugaji wa kondoo. Mbweha walikuwa wamembebea wanakondoo wawili, na magazini yake ilikuwa imekwama kwenye risasi ya pili huku wakimtazama.

"Nataka isiyokwama, mzee. Mahubiri niwekee Jumapili."

"Chukua ya kiwandani, bibie. Usiiozeshe bunduki yako nje ya ukoo."

"Na wewe, kwenye bunduki yako ya garini umeweka ipi?"

Jamaa akakumbuka ghafla kufuta kioo cha kabati. Verna akatoka, akachungulia bunduki iliyotundikwa ndani ya pikapu ya jamaa, akarudi anacheka mpaka kofia imemwanguka.

"Plastiki! Mzee mzima, plastiki!"

"Ile... niliiweka kwa kuihurumia tu."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Haijawahi kukwama," akanong'ona, "sasa nitaitoaje?"

Kisha akamfungia Verna magazini mbili za plastiki kama hiyo ndani ya gazeti, tabaka juu ya tabaka, akamsihi atokee mlango wa nyuma.