Nilivyoosha Kichwa cha Treni cha Vita

Katika miaka yangu yote ya Durban nimeharibu simu nne, redio moja na urafiki kadhaa, na hayo yote nimeshajisamehe. Liko kosa moja tu ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. Niliosha uchafu uliotiwa kwa mkono na mke wa mtu, mke ambaye alikuwa ameshafariki, na mumewe hakubakiwa na kazi nyingine ya mkono ule. Niliuosha vizuri sana, kwa sabuni, halafu nikajipongeza.

Duka letu liko Greyville, ng'ambo ya uwanja wa mbio za farasi. Nasema letu kwa sababu ni chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa ubao. Upande wa barabarani natengeneza simu, na upande wa ndani mke wangu anasuka nywele, anapaka kucha na kuremba maharusi. Ubao wenyewe haufiki darini, kwa hiyo kila ninachomwambia mteja wangu, wateja wake wanakisikia na kukitolea maoni.

Sisi wote wawili tumekulia Kalemie, Kongo, na fundi wa redio aliyenifundisha kazi huko alikuwa akitengeneza redio kwa nusu saa na kuipangusa kwa saa nzima. Aliniambia mteja hajui waya, ila vumbi analijua. Nami sijawahi kumrudishia mtu kitu chake kikiwa kichafu. Simu ikiletwa na unga wa mandazi kwenye kipaza sauti, inaondoka inang'aa hata kama tatizo lake lilikuwa betri. Kuna watu wanatoka Isipingo kuja kwangu, wanawapita mafundi chungu nzima njiani, na nina hakika hawaji kwa sababu ya utaalamu wangu.

Jumatatu moja akaja mzee wa Kizungu wa kule Pinetown, ambaye niliwahi kumbadilishia kioo cha simu. Alikuwa amekumbatia boksi refu la mbao. Alilifungua juu ya meza yangu taratibu, akatoa taulo, na ndani ya taulo mlikuwa na kichwa cha treni ya makaa, cha bati na plastiki, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Alikiunda mwenyewe. Kilikuwa mfano wa treni za Wajerumani za wakati wa vita, alisema, na kilikuwa kimeacha kutembea. Jumamosi yeye na wazee wenzake wa treni ndogo walikuwa na onyesho katika ukumbi wa kanisa, na hakutaka kwenda na kitu kilichokufa.

Kilikuwa kichafu, sitaki kumsingizia mtu. Kilikuwa na kutu, masizi, michirizi ya mafuta na ukoko mweupe kama wa birika la chai. Mzee aliona macho yangu yanapokwenda. "Nitazamie mota tu," akasema. "Huko nje usijisumbue. Acha kilivyo."

Kosa lilizaliwa hapo. Kwetu mtu mzima akikwambia usijisumbue, anakuonyesha adabu, na adabu hiyo unamrudishia kwa kujisumbua. Mgeni akisema ameshiba, unapika. Baba mkwe akisema maji yanatosha, unakimbiza kuku. Mzee alipotoka tu, sauti ya mke wangu ikaja juu ya ubao, akisema yule papa, kama tunavyomwita kila baba kwetu, amelelewa vizuri, nami nikakubali.

Mota haikunisumbua. Nyuzi za zulia zilikuwa zimejiviringisha kwenye ekseli na waya mmoja ulikuwa umeachia. Jumanne mchana magurudumu yalikuwa yanazunguka. Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi, na katika mtaa huu fundi anaweza kuitwa mwizi kwa skrubu moja. Nikatafuta picha kwenye simu nilinganishe. Nikapata picha ya treni ya Kijerumani inayofanana nayo, ya kabla ya vita, na nilipolinganisha nywele zikanisimama. Cha mzee kilikosa vitu vingi. Dirisha moja la ubavuni halikuwepo. Mabati mawili ya mbele ya kuongoza moshi hayakuwepo. Kulikuwa na mapipa na mabomba ambayo kwenye picha yapo na mezani kwangu hayapo.

Nikampigia mzee palepale. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha polisi, yaani kile ninachotumia ninapojitetea, kwamba mashine yake ilikuwa imeibiwa vipuri kabla haijafika kwangu, na kwamba nilikuwa na shahidi nyuma ya ubao.

Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akanieleza. Hakuna aliyeiba. Vita vilikuwa vimepamba moto, chuma kilikuwa adimu, na Wajerumani walitaka treni nyingi upesi. Basi wakachukua treni yao nzuri ya zamani wakaanza kuipunguza. Dirisha la pili la nini, likaondolewa. Urembo, ukaondolewa. Kila kilichoweza kuachwa kikaachwa, na viwanda vingi vikaunda kitu kilekile kimoja, maelfu kwa maelfu. Wala hazikukusudiwa kuishi. Zilitakiwa zidumu miaka michache tu, vita viishe, zitupwe. Vita vikaisha, nazo zikaendelea kutembea miaka na miaka, hata katika nchi zilizokuwa adui, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu kingine cha kutumia.

Hapo nilimwomba arudie. Nina karatasi ya ukimbizi iliyoandikwa kuwa ni ya muda, na nimeihuisha mara nyingi hadi kona zake zimekuwa duara. Niliipenda ile mashine ghafla, nikaona inastahili heshima zaidi. Kama mzee angetaja uchafu katika simu ile, ningeokoka. Hakuutaja, maana alishanikataza.

Jumatano nilitaka kukiosha, nikasita kidogo. Mke wangu alikuja upande wangu kuazima mkasi, akakiona kile kichwa cha treni mezani, akasimama.

"Papa, unaweza kweli kurudishia mzee wa batu kintu ya buchafu hivi?" akaniuliza. "Batasema njo namna sisi Bakongo tuko."

Sikutaka waseme ndivyo Wakongo tulivyo. Basi nikakiosha. Nilianza na spiriti na mswaki laini, nikamaliza na sabuni ya vyombo. Masizi yalitoka. Kutu ilitoka kirahisi mno, na badala ya kushangaa kutu gani inatoka kwa sabuni, nikajisifu kwa mkono mwepesi. Ule ukoko mweupe ulinipa kazi, nikaukwangua kwa kijiti cha meno. Mwisho nikakipaka mafuta ya watoto kidogo kwenye kitambaa, kikang'aa kama kiatu cha shemasi. Wateja wa saluni waliitwa kuja kuona. Nilipigwa makofi.

Alhamisi asubuhi mzee akapiga simu kuuliza hali. Nikamwambia kinatembea. Nikasikia anavuta pumzi, kisha akaanza kuongea kama watu wanavyoongea wakishapokea habari njema. Akasema yeye ndiye anayeunda treni, lakini hajui kuchafua. Mke wake ndiye aliyekuwa akizichafua. Alikuwa akitazama picha za zamani kwa lenzi, kisha anachukua brashi na rangi za unga na kutia kila doa pale linapopaswa kuwa, kwa wiki nzima, kwa sababu alisema treni ya vita iliyo safi ni uongo. Hicho kilikuwa cha mwisho alichokimaliza. Alikuwa amekufa mwaka uliopita. Mzee alisema hakipangusi hata vumbi, anakipuliza tu kwa mdomo. Atakuja kukichukua kesho saa tisa.

Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nilikuwa nimeshika kitambaa. Kichwa cha treni kilinitazama kinang'aa. Nikakaa juu ya boksi la chaja.

Mke wangu alikuwa ameshasikia yote juu ya ubao. Alikuja upande wangu. Mimi nilipendekeza tukipeleke nje tukakiviringishe kwenye mchanga wa kando ya barabara. Akaniangalia jinsi alivyoniangalia siku niliyopanda ngazi za kanisa na soksi mbili za rangi tofauti kwenda kubatiza mtoto. Akasema uchafu ule ulikuwa umepakwa kwa brashi na poda, na kama ni brashi na poda, ni kazi yake. Kisha tutamwambia mzee ukweli, akasema, lakini kwanza tujaribu kurekebisha.

Akatandika taulo, akafungua sanduku lake la maharusi. Alikuwa na poda za kahawia za kila rangi ya ngozi kutoka Bujumbura hadi Kinshasa, rangi za macho nyeusi na za kijivu, na brashi nyembamba kuliko zozote nilizo nazo. Kwa saa tatu alipaka. Mteja wake, mama mmoja Mrundi, alikaa akingoja na nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, na hakulalamika, maana alikuwa anaona kitu cha bure.

Tatizo ni kwamba mke wangu hajawahi kumfanya mtu awe mbaya. Mkono wake haujui. Kutu aliyoweka upande wa kushoto aliiweka na upande wa kulia, sawasawa, kama mashavu. Aliichanganya vizuri mpaka ukingo hauonekani. Juu ya taa za mbele alitia kivuli cha kijivu kilichopanda kidogo kwa nje. Aliporudi nyuma tukitazame, mama Mrundi akainamisha kichwa.

"Ile treni inaolewa siku gani?" akauliza.

Alikifuta, akaanza tena. Mara ya pili kilikuwa bi harusi mwenye huzuni. Mke wangu akaweka brashi chini na kulia kwa hasira, akasema yule mama wa watu alikaa wiki nzima na lenzi, na sisi tumemfuta kwa mswaki.

Ijumaa saa tisa kamili mzee akaingia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, na yote yakanikimbia. Nikamwambia tu kwamba nilikiosha, kwamba aliniambia nisikioshe na mimi nikadhani ni adabu, na kwamba uchafu anaouona sasa ni wa mke wangu, si wa mke wake. Sikuweza kumtazama usoni.

Hakufoka. Natamani angefoka. Alikigeuza kichwa cha treni mikononi, upande huu, upande ule, muda mrefu. Kisha akauliza poda ile ni ya nini. Mke wangu, kutoka nyuma ya ubao, akamjibu kwamba ni ya maharusi. Mdomo wa mzee ukacheza kidogo. Akasema upande wa kushoto hauwezi kuwa kama wa kulia, kwa sababu maji yalikuwa yanavuja upande mmoja tu.

"Yalivuja wapi?" mke wangu akauliza.

Ndipo mzee akapita ndani, akakaa kwenye kiti cha wateja chini ya mashine ya kukaushia nywele, akakiweka kichwa cha treni mapajani na kuanza kuonyesha kwa kidole. Hapa maji, yanashuka hivi, yanaacha chokaa. Hapa dereva alikuwa anakanyaga akipanda, kwa hiyo rangi imelika. Hapa mafuta. Masizi huko juu tu, si kila mahali. Mke wangu akapiga magoti na brashi, akapaka alikoambiwa, na kila alipotaka kulainisha ukingo mzee alimzuia. Nilisimama na kushika taa. Mzee alikuwa anafumba macho, anakumbuka doa, anafumbua, anaonyesha. Kidogo kidogo bi harusi akaondoka, ikabaki treni iliyochoka. Sijawahi kuona mtu anamjua mtu kiasi kile.

Walipofika chini ya lile dirisha moja, kidole chake kikasimama.

"Hapa palikuwa na kitu," akasema. Akafumba macho. Tukangoja. Nje teksi zilikuwa zinapiga honi. "Nilikiona kila siku," akasema. "Kila siku, na sikumbuki kilikuwa nini."

Nilimwonea huruma, na nilijua kabisa nani aliyekifuta. Mke wangu akamnyooshea brashi. Mzee akakataa, akasema mke wake hakuwahi kumruhusu kugusa uchafu, alimwambia mikono yake ni ya skrubu. Mke wangu hakuurudisha mkono. Mwishowe mzee akaichukua ile brashi, akaichovya mno katika poda nyeusi, akapaka pale chini ya dirisha. Lilitoka doa baya, zito, kama alama ya kidole cha mtoto aliyekula uji. Hata mimi niliona ni baya.

Mke wangu akamuuliza polepole kama amrekebishie.

"Hapana," akasema mzee. Alikuwa analitazama lile doa. "Angenifokea sana."

Akabaki pale kwenye kiti cha wateja, treni mapajani na brashi mkononi, akingoja kufokewa.