Kopo la Supu ya Kamba

Kaka yangu ni fundi wa friji. Nusu ya mtaa wanakunywa maji baridi kwa sababu yake, ila friza ya jikoni kwake aliiacha ikikoroma wiki nzima, na ukimwuliza ananuna.

Sababu naijua. Ndani ya friza hiyo kulikuwa na kopo la aiskrimu, na ndani ya kopo supu ya vichwa vya kamba aliyoichemsha mkewe, wifi yangu, siku chache kabla ya kufariki ghafla. Wifi hakujua kutupa kitu. Akishamenya kamba, vichwa na maganda vinaingia sufuriani, supu inachujwa na kugandishwa, ikisubiri Jumapili ya spageti. Jumapili hiyo hakuifikia.

Kutengeneza friza ni mpaka uizime, na kuizima ni kuyeyusha kopo. Nilimwambia alilete kwangu. "Kwenu umeme unakatika ovyo," akanijibu. Ana kichwa kigumu tangu utotoni, nikamwacha.

Jumamosi asubuhi akanipigia simu. "Dada, njoo. Imezima."

Nilimkuta sakafuni, kalipakata kopo kwa taulo. Barafu ilikuwa imeyeyuka yote, umebaki ubaridi tu.

"Ukaigandishe kwako," akasema.

Mimi kubembeleza sijui. "Kaka, ikishafika hapa hairudi. Tuile leo, au tumwage."

"Kumwaga hapana."

Nikakimbia sokoni, nikarudi na kamba na ngisi. Mapishi yenyewe ni mepesi, wifi alikuwa akipika huku anasengenya mtaa mzima na hakosei. Nilikaanga kitunguu saumu, nikatia nyanya, nikamimina supu ikachemka mpaka ikawa nzito. Spageti nilizitoa zikiwa bado na ugumu kidogo. Kamba na ngisi waliingia mwisho kabisa, maana ukiwachelewesha motoni unatafuna raba. Harufu ilipotanda, kaka aligeuka haraka kutazama mlangoni. Kisha akajikumbuka, akainamisha kichwa. Nilijifanya sikuona, nikaendelea kukoroga.

Tonge la kwanza alilikalisha mdomoni, hataki kulimeza.

"Umetia chumvi?" akauliza.

"Sijatia hata chembe. Ni ya kwake."

Machozi yakamtoka hapohapo, uma mkononi, naye anaendelea kula. Na mimi nilikula nikilia, wala sikuona haya. Tulimaliza sufuria nzima. Alikomba sahani kwa kidole mpaka ikang'aa, akakaa anaitazama.

"Basi," akasema. "Hana kingine cha kunipikia."

Nilipoanza kuosha vyombo akachukua bisibisi, akaivuta friza kutoka ukutani. Siku zote alikuwa amejiaminisha kuwa mota inakufa, kazi ya siku nzima, na kwa woga hakuwahi hata kufungua nyuma kuangalia. Kumbe kilichoungua ni kile kidude kidogo cha kuwashia mota. Alikuwa navyo vingi kwenye mkoba wake wa kazi. Akabadilisha, akachomeka waya, na friza ikaanza kunguruma taratibu kabla sijamaliza kusuuza masufuria.

Akafungua mlango wake, akatia mkono ndani, mahali kopo lilipokuwa.

"Dada, ni kazi ya muda wa kuchemsha chai," akasema. "Supu isingeyeyuka hata pembeni."

Akaacha mkono wake humo, kwenye friza tupu, mpaka nikaenda kuutoa mwenyewe.