Majivu ya Kapita

Mimi ni mutu wa kutembea. Naziba masufuria yenye kutoboka, leo Butembo, kesho Beni mupaka Mavivi, na kila nyumba inanipa bakuli ya uji na habari zake. Habari ya Mama Agar naijua muzuri, juu nililala mara nyingi ndani ya jiko lake, mwaka wa 2001, wakati vita ilifunga barabara ya kusini.

Agar alikuwa mujane, mufupi, mwenye mikono mikubwa. Nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, Butembo. Mali hakuwa nayo, mais batu balimujua kwa kitu moja: ukimuachia kitu, ukirudi unakikuta. Njo maana jamaa kumi na mbili za kanisa lao zilimuachia mbegu zao za maharagi. Kule mashambani, benye bunduki balikuwa banapika hata mbegu. Na kuleta ingine toka Kayna, kule kusini, haikuwezekana tena, mustari wa vita ulipita kati. Maharagi yenye ilikuwa ndani ya vitunga vya Agar ilikuwa ile tu. Ikiharibika, mwezi wa tisa batu batapanda nini?

Mulinzi wa ile mbegu alikuwa paka, jina lake Kapita, mweusi mwenye kifua cheupe. Séphora, mutoto wa Agar, alimuleta angali mudogo kabisa, macho bado kufunguka. Kisha Séphora akaolewa Kayna, na njia ikafungwa nyuma yake. Miaka miwili hakuna barua. Agar hakuwa na picha ya mutoto wake. Alikuwa na Kapita.

Juu mulango ulifungwa kila siku mbele jua halijazama, Agar alimufundisha kujisaidia ndani ya karai ya zamani, yenye majivu ya jikoni. Kapita alikuwa anafukua, anamaliza, anafunika, sawa mutu mwenye adabu.

Halafu, mwezi wa sita, akaharibika. Agar akakuta mavi ya paka katikati ya kitunga cha maharagi. Kesho yake, tena.

Éliakim, shemeji yake, muzee wa kanisa, akasema:

—Ni ndege. Zinashuka hapa na makelele yao, paka amepoteza akili.

—Hapana, akasema Maliro, jirani, mwenye mbegu yake ilikuwa mule. —Ako na hasira juu ya Séphora. Paka hajui kuandika barua, donc anaandika namna hii.

Batu bakacheka. Agar hakucheka. Alimupiga Kapita na ufagio. Aliweka pilipili pembeni ya vitunga. Aliosha karai na sabuni. Hakuna yenye ilisaidia. Na kila mara, alikuwa anatupa maharagi yenye kuchafuka na ile ya karibu yake, anarudisha kipimo kilekile toka kwa maharagi yake mwenyewe ya kula. Njo maana mwezi ule muzima, mimi na yeye tulikula bugali na majani ya sombe tupu.

Mais harufu haifichwi. Siku moja Maliro akaingiza pua ndani ya kitunga chake, na jioni Éliakim akakuja, amesimama mulangoni.

—Mama Séphora, siku ya Mungu, kisha ibada, tutakuja. Paka anatoka, ao mbegu inatoka.

—Na panya?

—Panya, tutamuomba Mungu.

—Éliakim, panya haogopi maombi. Anakula hata Biblia.

—Nitakuja na mufuko. Nitamupeleka mbali. Usiniulize wapi.

Agar alimukamata Kapita juu ya magoti, akakaa vile mupaka moto ukazimika.

Siku ya tano ya juma lile nilikuwa ninaziba sufuria yake, na yeye alikuwa anachekecha majivu. Ni dawa ya bibi zetu: ukichanganya majivu na maharagi, vidudu vyenye kutoboa haviingii. Mbele alikuwa anatumia dawa ya dukani. Tangu dawa ile ikosekane, mwezi wa sita, akarudilia majivu. Mais jiko moja halitoi majivu mingi. Yote ilienda kwa vitunga. Karai ya Kapita ilibakia na majivu ya kujaza mukono moja tu.

Alipomaliza kuchanganya, Kapita akafika. Akanusa. Akaruka ndani ya kitunga, akafukua na mikono miwili, akageuka, akachuchumaa. Agar akanyanyua ufagio. Ufagio ukabaki juu. Kisha akaushusha polepole, akakaa chini.

—Muzee, umeona?

—Nimeona paka anakunya.

—Hapana. Umeona mwenye kusikia mafundisho. Mimi njo nilimuambia: ndani ya majivu. Akakubali. Kisha nikahamisha majivu, na nikamupiga juu ameifuata.

Nilifikiri sana siku ile. Kwenye bariere za askari kule Beni, karatasi yenye ilikupitisha jana njo yenye inakupigisha leo, juu mukubwa wa pale amebadilika usiku. Hata mimi nilipigwa vile. Hakuna mwenye alinieleza.

Siku ya Mungu bakakuja, Éliakim na koti yake na mufuko kwapani, Maliro na bengine nyuma. Agar alikuwa amemufungia Kapita jikoni tangu asubuhi. Katikati ya nyumba aliweka vitunga viwili: kimoja maharagi safi, yenye kupanguswa, kingine majivu tupu, hakuna hata punje moja.

—Karibuni. Muangalie.

Akafungua mulango wa jiko. Kapita akapita karibu na maharagi, hakuiangalia. Akaingia ndani ya majivu, akafukua, akachuchumaa, macho yake kwa Éliakim.

—Mais… mbele ya kanisa! akasema Éliakim.

Maliro alicheka mupaka kitambaa chake kikaanguka.

—Shemeji, akasema Agar, mwenye kosa ni mimi. Kama kuna wa kutia ndani ya mufuko, unitie mimi.

—Ee, mufuko huu ni mudogo kwako, Mama Séphora.

Hata yeye sasa alikuwa anacheka. Mais Maliro akakamata punje moja.

—Tukiondosha majivu, vidudu vitakula.

—Majivu inabaki kwa maharagi, akasema Agar. Kapita njo atahama. Munipatie juma mbili.

Éliakim akaangalia mufuko wake. Akatoka. Akarudi nao umejaa unga wa mbao, toka kwa bafundi benye kupasua mbao. Agar akaumwanga ndani ya karai, akafunika vitunga na mikeka, akamufungia Kapita jikoni pamoja na karai yake. Siku ya kwanza alilia tu. Siku ya ine alifukua.

Mwezi wa tisa, jamaa kumi na mbili zilipanda. Agar mwenyewe alipanda kidogo sana, ya kwake ilikuwa imekwisha kujaza vitunga vya bengine.

Barabara ilipofunguka, Séphora alifika, mutoto mugongoni. Nilikuwa pale. Kisha kulia na kukumbatiana, akaona karai.

—Mama, majivu yake iko wapi?

—Ilikamatwa na maharagi, mutoto wangu. Alihama, sawa batu bote.

Kapita akanusa miguu ya Séphora, muda murefu. Kisha akaenda kwenye karai, akafukua, akafunika muzuri, vilevile sawa zamani. Na Séphora akaanza kulia tena.